Miaka Arobaini na Mmoja Chini ya Ufa

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili alasiri, mtunza jengo wetu, tunayemwita Mzee Kabati, atastaafu baada ya kulitumikia jengo hili miaka arobaini na mmoja. Nasema jengo, si idara, kwa sababu waajiri wamebadilika mara tatu na yeye hakuhama hata chumba. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, karani wa masjala, niandike wasifu wake kwa lugha ya furaha, na nisigusie mambo ya dari. Nitajitahidi.

Kwa faida ya wageni waalikwa, jengo hili lilikuwa kanisa kwa karne mbili. Waumini walipohamia penye nafasi zaidi, jeshi likafunga farasi humu, na inasemekana farasi walikuwa watulivu kuliko kwaya. Baadaye likawa ghala la nafaka. Hapo ndipo kijana wa miaka kumi na tisa alipoingia na gunia begani.

Ghala likageuka ukumbi wa sinema. Kitambaa cheupe cha picha kilitundikwa palipokuwa na madhabahu, na bibi wawili wa mtaani hawakuacha kupiga goti mlangoni kabla ya kuketi kutazama watu wakipigana mateke. Mbeba magunia wetu alipandishwa cheo, akawa mwendesha mashine, akamwoa mkata tiketi. Mpaka leo wanabishana nani alimwanza mwenzake.

Sinema ikafungwa, ikaja mahakama. Darini kuna malaika wa rangi ambaye kila utawala humpaka chokaa, na kila mvua zikianza hujitokeza upya. Washtakiwa walikuwa wakiinua macho na kumwona, wanakiri papo hapo. Mawakili walilalamika kwamba kesi zinakwisha kabla ya chai, basi mzee akaagizwa apande ngazi amfunike tena. Alimfunika, ila macho akayaacha.

Akiwa juu ya ngazi hiyo ndipo alipouona ufa. Ulikuwa kwenye tao kubwa la katikati, mwembamba, wa kuingia njiti moja ya kiberiti. Alichukua boriti iliyobaki ya roshani ya waimbaji, akaisimamisha chini ya tao na kuikaza kwa kabari. Hakimu hakupenda kuona gogo mahakamani, kwa hiyo mzee akalijengea kabati la kulificha. Ndilo lililompa jina.

Miaka kumi na sita iliyopita jengo likakabidhiwa kwetu, Idara ya Usalama wa Majengo. Kila asubuhi wakaguzi wetu hupita chini ya tao hilo kwenda kuwafungia watu nyumba zenye nyufa, na mara nyingi huazima ngazi ya Mzee Kabati. Yeye amewaandikia wakubwa barua saba kuhusu tao. Zote zilijibiwa kwa heshima kwamba, katika daftari letu, jengo hili bado limesajiliwa kuwa zizi la farasi, na mazizi hayakaguliwi. Barua hizo nimezihifadhi mwenyewe, kwa kukosa nafasi kwingine, ndani ya kabati hilohilo.

Mwaka huu ufa unaingia njiti tisa.

Mkurugenzi wetu mpya ni mtu wa maendeleo. Jumatatu tunaanza mfumo wa ofisi ya wazi, na kabati litaondolewa pamoja na kila kilichomo. Mzee alipoingia kumweleza, aliambiwa kwa upole kwamba ana uchungu wa kuagana na kazi, jambo la kawaida kwa watu wa umri wake, na kwamba atatafutiwa mshauri. Alitoka akicheka. Kisha akaketi tu kwenye ngazi yake hadi saa ya kutoka, na mimi iliniuma, kwa sababu sikuwahi kumwona hivyo.

Juzi mkewe alinipigia simu. "Mwanangu, miaka yote nimeomba arudi nyumbani mzima. Sasa anarudi, lakini hapati usingizi. Anasema amewaacha watoto wa watu chini ya lile dude."

Alipoulizwa anataka zawadi gani, mzee aliomba kabati liachwe lilipo. Kamati imemnunulia saa ya ukutani.

Sherehe itafanyika ukumbi mkuu. Kiti cha heshima kimewekwa katikati, chini ya tao, lakini mzee ameomba akae safu ya nyuma, karibu na mlango. Nami nimeomba hapo. Jana nilipopanga viti nikakuta wakaguzi wetu wote, wataalamu wa nyufa, wamekwishaandika majina yao kwenye safu hiyohiyo. Imejaa. Katikati amebaki Mkurugenzi peke yake.

Mzee wetu, asante kwa kutushikilia dari miaka yote hii bila kudai sifa. Tunakutakia maisha mema. Nawe ututakie maisha.