Ini Liko Mashineni

MAMA: Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

FUNDI: Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo.

MAMA: Marahaba. Mbona namba ngeni? Mbona asubuhi yote hii kwa namba ya— Sema. Sema moja kwa moja, nimeshakaa chini.

FUNDI: Yupo, mama. Binti yako yupo. Simu yangu imezima chaji, hii nimeazima kwa dada anayepiga deki hapa wodini.

MAMA: [anashusha pumzi] Ungeanza na hilo, baba. Ungeanza na hilo.

FUNDI: Nisamehe. Watoto wameenda shule?

MAMA: Wameenda. Mdogo kavaa soksi za dada yake, nimegundua kashafika getini. Haya, lile ini limefika?

FUNDI: Tangu alfajiri. Ila hawajampandikizia.

MAMA: Wamelikataa! Kama lile la mwezi uliopita, mtu wamemshindisha njaa, wamemvalisha na gauni lao, halafu mrudi nyumbani—

FUNDI: Hapana mama, ngoja—

MAMA: —na lile nalo walisema lipo sawa!

FUNDI: Lile lilikuja kwenye boksi la barafu. Kwenye barafu ini limelala, hakuna ajuaye likiamka litakuwaje. Hili wameliweka kwenye mashine.

MAMA: Kwenye nini? Unakwaruza.

FUNDI: [kwa sauti] Mashine! Imepita hapa koridoni ikisukumwa. Kama toroli, juu ina bakuli lenye mfuniko wa kioo, ini liko humo. Pampu inalisukumia damu ya vuguvugu, yenye hewa. Linafanya kazi kama liko tumboni mwa mtu. Wanalipima humo humo kwanza.

MAMA: Na mwenye hilo ini?

FUNDI: Alifariki jana. Watu wake ndio waliokubali. Jina hawasemi.

MAMA: Kuna nyumba wanalia, na sisi tunaomba.

FUNDI: Ndiyo, mama.

MAMA: Sasa wanangoja nini? Mashine mbovu?

FUNDI: Mashine haina neno. Miaka kumi na minane natengeneza mafriji, pampu naijua kwa sikio. Shida ni ini lenyewe. Lina mafuta mafuta. Saa ya kwanza asidi kwenye ile damu haikushuka. Daktari anasema lisipoisafisha, na lisipotoa nyongo, hawalitumii.

MAMA: Nyongo?

FUNDI: Anataka aione inatoka.

MAMA: Maisha yangu yote mambo yakiharibika nasema yametumbukia nyongo. Leo ndiyo niiombe?

FUNDI: Iombe, mama.

MAMA: Naiomba. Likikataliwa hili?

FUNDI: Halijakataliwa.

MAMA: Nimeuliza likikataliwa.

FUNDI: Mama, laini mbaya, sikusikii—

MAMA: Umenisikia.

FUNDI: Nimekusikia, mama.

MAMA: Haya. Na yeye, anaongea?

FUNDI: Anaongea... kidogo.

MAMA: Usinifiche, baba. Mimi ndiye niliyemzaa.

FUNDI: Ini lake halichuji tena, sumu imempanda kichwani. Nilipomwamsha ameniita kaka.

MAMA: Kaka yake tumemzika mwaka wa sita huu.

FUNDI: Najua.

MAMA: Ukamjibuje?

FUNDI: Niliitika.

[Laini inakwaruza.]

MAMA: Umefanya vizuri. Ungembishia ungemtisha bure.

FUNDI: Mama, daktari huyo anakuja. Usikate. Usikate! ... Ndiyo, daktari. Mimi ndiye mume. ... Eeh. ... Eeh. ... Imetoka?

MAMA: Imetoka nini? Baba! Anasema nini?

FUNDI: ... Sasa hivi? ... Wapi, hapa? ... Samahani, kalamu imenidondoka.

MAMA: Baba, utaniua!

FUNDI: Nyongo imetoka, mama! Asidi imeshuka. Wanalichukua. Wanampeleka sasa hivi, ninatia sahihi.

MAMA: Asante Mungu. Asante. Kwa hiyo atapona?

FUNDI: Amesema... amesema ini wanaliamini. Mengine ni mwili wake. Kachoka sana, mama, hawakunificha. Ngoja, kitanda hicho. Wanakuja nacho. Nesi, tafadhali, sekunde moja, mama yake yuko hewani... Mama, nimemwekea sikioni. Sema naye.

MAMA: Sasa? Nimwambie ni— Mwanangu. Ni mimi, mama. Unanisikia? Wanao wote wawili wamekula uji, usiwe na wasiwasi nao. Sikiliza. Kaka yako akikuita huko, usiende. Mwambie mama amekataa. Umesikia? Mwambie mama amekataa kabisa, hata akikasirika. Mimi nitaongea naye mwenyewe. Mwanangu?

[Magurudumu. Mlango.]

MAMA: Mwanangu?

FUNDI: Ni mimi, mama. Wameshaingia naye.

MAMA: Alinijibu? Sikusikia kitu.

FUNDI: Alifumbua macho. Alitazama simu.

MAMA: Kweli, au unanibembeleza?

FUNDI: Kweli. Midomo ilicheza, sauti haikutoka.

MAMA: Itachukua muda gani?

FUNDI: Saa sita, saba. Pengine zaidi. Mama, dada anadai simu yake, na salio—

MAMA: Ukila chochote nijulishe. Usikae na njaa.

FUNDI: Sawa. Nitatafuta chaja.

MAMA: Baba.

FUNDI: Naam.

MAMA: Watoto wakirudi nitawachekea tu, hawatajua kitu. Ila wewe nakwambia. Naogopa.

FUNDI: Hata mimi, mama. Sijawahi kuogopa hivi. Tangu jana nataka kumwambia mtu, sina wa—

[Salio limekwisha.]