Jina la Karakana Lisiende Nyumbani na Mtu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Mkurugenzi wetu unayestaafu leo, pamoja na mama, mkeo, aliyeketi ubavuni pako. Wakuu wa vitengo, mafundi na wauguzi. Wagonjwa wetu, ambao ndio wenye karakana hii ya miguu bandia. Ndugu wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu kwa heshima.

Nimepewa dakika chache nitoe neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi. Mimi ni karani wa mapokezi, mdogo kwa umri na kwa cheo, na hotuba niliyoiandaa ilikuwa ya shukrani tupu. Lakini sote tumemsikia Afisa Utawala akitangaza hapa kwamba, ili kumuenzi Mkurugenzi, jina la tovuti yetu litaendelea kubaki mikononi mwake, kwa simu yake na barua pepe yake ya nyumbani, maisha yake yote. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Naomba radhi, Mheshimiwa, na naomba nieleze kwa nini.

Kwanza nimsifu, maana anastahili. Wageni huenda hamjui kwa nini mafundi wanamwita Bwana Rudia. Siku moja fundi wetu mkongwe alimaliza mguu mzuri kweli, unang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Mkurugenzi akaupima, akasema, "Rudia." Fundi akaja juu: "Mzee, mguu huu mimi mwenyewe nimeupenda!" Akajibiwa, "Basi uvae wewe. Mguu si wa fundi, ni wa atakayetembea nao." Kuna mtu leo anakwenda kazini bila kuchechemea kwa sababu ya jibu hilo.

Sasa nauliza: jina la tovuti ni la nani? Ni la mkurugenzi aliyelisajili, au ni la yule anayelitafuta kwenye simu yake kwa kuwa mguu unamchubua?

Wengi mnajua kwamba jina hili liliwahi kuibiwa. Wachache mnajua liliibiwaje, kwa sababu tumekuwa tukilisema kwa kunong'ona. Mwasisi wa karakana, Mungu amrehemu, alilisajili kwa barua pepe yake mwenyewe. Alipofariki, karani aliyenitangulia alishauri lihamishiwe kwa karakana. Akaambiwa, "Kaburi halijakauka, wewe umeshaanza kumfuta jina?" Nani angebishana na jibu kama hilo? Akarudi dirishani kwake. Miaka ikapita, barua pepe ya marehemu haifunguliwi na mtu, neno lake la siri halibadilishwi na mtu. Na neno lenyewe la siri, kama mwanawe alivyotueleza baadaye, lilikuwa lipi? Jina la karakana na mwaka ilipoanzishwa! Maneno yaleyale tuliyoyapaka rangi nyekundu kwenye geti, kila herufi kubwa kama ndoo.

Mwizi hakuvunja kitu. Alibahatisha, akaingia katika barua pepe ya marehemu, kisha akaiandikia kampuni inayotutunzia jina kwamba yeye ndiye mwasisi na amesahau namna ya kuingia katika akaunti. Kampuni ikamsaidia, tena kwa adabu. Akalihamisha jina, likawa lake. Asubuhi tulipofungua tovuti tukakuta kamari, magurudumu yanazunguka na sarafu zinaruka. Baadhi yetu tulicheka.

Hatukujua bado kwamba anayeshika jina la tovuti anazishika na barua pepe zote zinazotumwa kwa jina hilo. Ndugu wageni, mnajua wagonjwa wetu wa mbali wanatutumia nini? Wanatutumia picha za vigutu vyao, ili muuguzi aone kama ngozi imevimba. Wengine hawajawahi kuwaonyesha vigutu hivyo hata wenzi wao wa ndoa. Picha hizo zilikwenda kwa mtu tusiyemjua, na mpaka leo hatujui amezifanyia nini.

Dada mshonaji aliyeketi safu ya tatu ananiitikia kwa kichwa kwamba nimtaje. Mguu ulimchubua, akatuma picha. Kimya. Akatuma nyingine. Kimya. Akaendelea kukanyaga cherehani kwa mguu uleule, maana watoto lazima wale. Alipofika dirishani kwangu kidonda kilikuwa kimeoza, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mdogo wangu, kama mmenichoka si mngesema tu?" Nikamwambia, "Dada, hatukupata picha hata moja." Akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Kwa hiyo nilikuwa namwandikia nani? Jini?"

Hospitali ililazimika kumkata mara ya pili, safari hii juu ya goti. Goti, ndugu zangu! Kila fundi humu anajua tofauti kati ya mtu mwenye goti na asiye nalo. Na goti lile hakulichukua mwizi peke yake. Sisi ndio tuliomwachia mlango wazi, kisha tukauita mlango huo heshima.

Jina tulilipata tena. Mkurugenzi huyuhuyu alilipigania, ofisi hadi ofisi, akidharauliwa na vijana wa umri wangu, na kwa haraka ya kuliokoa akaliandikisha kwa simu yake na barua pepe yake. Hapo hakukosea. Nyumba ikiwaka moto hakuna anayeuliza ndoo ni ya nani. Lakini moto umezimika, na leo tunataka ndoo yetu ya pekee iende nyumbani na mtu!

Nilipolisema hili kikaoni, Afisa Utawala aliniuliza, "Binti, unataka kumfukuza mzee hata kwenye kompyuta?" Watu wakacheka, nikaketi. Leo siketi. Je, simu ya mzee ikiibwa sokoni? Je, akipigiwa na tapeli mwenye sauti ya upole? Na siku ile, Mungu aiweke mbali, atakapougua asiweze kushika simu, nani atasoma onyo likija? Wahenga walisema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Je, tumtafute mgonjwa mwingine mwenye goti?

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunachoomba si kikubwa. Jina liandikishwe kwa karakana yenyewe. Liwekewe kufuli ili lisihamishwe mpaka watu wawili wakubali. Neno la siri liwe refu, lisilosomeka getini. Na kila anayeondoka, awe mkurugenzi au mimi, akabidhi jina hilo kama anavyokabidhi funguo.

Mkurugenzi, nimemaliza na wao. Sasa nakuomba wewe. Fundi wa kompyuta ameketi pale karibu na mlango, na ukurasa wa kulihamisha jina ameshaufungua nilipokuwa nazungumza. Kilichobaki ni idhini yako. Ukikubali, tarakimu za siri za kuthibitisha zitaingia kwenye simu yako, na jina litarudi kwa wenyewe sasa hivi, mbele ya dada yule.

Naona unatafuta miwani. Mama anayo, mkobani.

Hapana, mzee, tafadhali, usizisome kwa sauti! Wala usimtajie fundi, hata kama ni mwenzetu. Nenda ukaziandike mwenyewe. Tunakusubiri. Mheshimiwa Mwenyekiti, najua ratiba imebana, naomba tusubiri.

Afisa Utawala, asante kwa kumsogezea kiti.

Fundi ananipungia mkono. Limeingia. Mkurugenzi wetu, Bwana Rudia wetu, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya kila anayetembea kwa kazi ya mikono yako, tunakushukuru. Sasa ndiyo umestaafu.

Nanyi nyote mlionivumilia mpaka mwisho, asanteni kwa kunipa masikio yenu.