Mama Foronya, Mwalimu wa Madaktari

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1959, kitinda mimba wa fundi wa mashine za kufulia za hospitali na mkewe mshonaji. Alikulia katika nyumba za watumishi, nyuma ya wodi. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyo angebishana hata na saa ya ukutani.

Masomo yake yote aliyapata katika mji huohuo wa hospitali, akahitimu udaktari mwaka 1985. Alitibu magonjwa ya tumbo, kisha akawa mhadhiri. Akili bandia ilipoingia hospitalini, wenzake walimsukumia yeye kazi ya kuwafundisha wanafunzi kuitumia, naye akaipokea kwa mikono miwili. Kila somo alifunika kioo cha kompyuta kwa foronya hadi kila mwanafunzi amsikilize mgonjwa, amguse, aandike maoni yake. Ndipo alipofunua.

"Wewe na mashine mkitofautiana, mmoja wenu kakosea," alisema. "Rudi kwa mgonjwa ukajue nani."

Jina la Mama Foronya likamganda.

Mwaka 1988 aliolewa na mfamasia, mtu wa maneno machache, na nyumba ilimhitaji mmoja wa aina hiyo. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka juzi alianza kukonda. Mwenyewe alisema ni vidonda vya tumbo. Mwanafunzi wake wa zamani, daktari ambaye marehemu alimpachika jina la Mpole, alimpima akaandika hivyo hivyo. Foronya ilipoondolewa, mashine ilikuwa imesoma saratani ya kongosho.

"Mashine imekosea, Mwalimu."

"Umejuaje?"

Mpole aliinamisha kichwa. "Niligusa uvimbe. Lakini wewe ulishasema vidonda."

"Nilikufundisha kubishana, halafu unanitii mimi? Haya, nipime tena."

Mashine haikukosea. Marehemu alimwambia mumewe kwamba saratani imemuumiza, ila heshima ile ya Mpole imemuumiza zaidi. Basi katika somo lake la mwisho alitundika picha za vipimo vya tumbo lake bila jina, akaandika juu yake: "Vidonda. Maoni ya Mwalimu." Darasa zima liliafiki, isipokuwa msichana mmoja wa kiti cha nyuma.

"Samahani, Mwalimu, nadhani umekosea."

"Samahani ya nini?" alijibu, akacheka hadi akashika ubavu. Siku hiyo alirudi nyumbani akala vizuri.

Alifariki nyumbani tarehe 2 Februari mwaka huu, mumewe akiwa pembeni. Ameacha mume, mabinti wawili, wakwe, wajukuu watatu, na foronya moja, ambayo Mpole ataingia nayo darasani muhula ujao.

Apumzike kwa amani Mama Foronya. Kubishana atuachie sisi.