Fundi wa Nyumba za Kutisha: Laurean Rwegoshora, 1956–2025

Aliyelala mbele yetu leo ni Laurean Rwegoshora, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Petro Rwegoshora na marehemu Ma Justina. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Wasifu huu unasomwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, Dafrosa, na kwetu shemeji ana ruhusa ya kutania hata msibani. Hata hivyo ruhusa hiyo iliombwa upya kwa mjane juzi, naye akaitoa kwa sharti moja tu, kwamba tusimpambe marehemu akawa mtu mwingine.

Baba yake alikuwa seremala wa vitanda na milango. Lakini nyumba iliyomlea Laurean ilikuwa ya babu yake, msonge wa zamani wenye nyasi kuanzia kileleni hadi chini na mlango mfupi wa kuingilia kwa kuinama. Alipenda kusimulia jinsi alivyotumwa siku moja, mchana kweupe, akalete kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kutoka sehemu ya nyuma ya nyumba ile. Alifika katikati, mahali mwanga wa mlangoni ulipokomea, miguu ikagoma. Hakuona kitu wala hakusikia kitu. Babu alisubiri kinywaji mpaka akachoka, akaja mwenyewe, akampita mjukuu wake pale aliposimama kama nguzo, akachukua kibuyu na kurudi kuketi. Laurean alisema shule yake ya kwanza ya ujenzi ilikuwa pale, kabla hajajua kushika penseli.

Shule nyingine zilifuata. Alisoma msingi Kamachumu, sekondari Ihungo, kisha Chuo cha Ardhi, Dar es Salaam, alikohitimu stashahada ya usanifu majengo mwaka 1980. Alifanya kazi serikalini kwa miaka minne akichora ramani za zahanati. Mwezi Januari 1985 alitua Minneapolis kusoma shahada katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akiwa amevaa koti la mvua. Mtu alikuwa amemwambia Minnesota kuna baridi, naye akajua baridi ni ile ya Bukoba mvua ikinyesha. Koti hilo lipo mpaka leo, na alikataa kulitupa kwa miaka arobaini, eti ni ushahidi kwamba Mungu humlinda hata mjinga.

Mwaka 1988 alihitimu, akaajiriwa na ofisi moja ya wasanifu Saint Paul, akawa mchoraji wa maegesho ya magari ya ghorofa. Hakuna aliyewahi kulia wala kucheka ndani ya maegesho ya ghorofa, alisema, na hilo lilimuumiza. Kazi zilipopungua mwaka 1991, naye akapunguzwa, mtu aliyesoma naye darasa moja akampigia simu. Kulikuwa na kampuni ndogo ya filamu iliyopanga ghala huko Fridley, nayo ilihitaji mtu wa kujenga nyumba ya kutisha kwa mbao za bei ya chini. Laurean alikwenda kwa wiki sita, akakaa miaka ishirini na saba.

Naomba tulieleze hili vizuri, maana wapo humu ndani waliofikiri kwamba shemeji yetu alikuwa anachora mashetani. Hakuchora shetani hata mmoja. Hao walikuwa kazi ya watu wengine, nao kwa kweli hakuwathamini sana. Yeye alijenga vyumba. Alisema hadithi ya kutisha husimuliwa na nyumba kwanza, waigizaji huja baadaye kuthibitisha. Ukiishusha dari kidogo kidogo kadiri korido inavyokwenda, mtazamaji ataanza kupumua kwa shida naye hajui kwa nini. Ukiweka mlango nyuma ya kiti cha mama anayeshona, huna haja ya kumleta mtu mlangoni, macho yote ukumbini yatauangalia mlango ule mpaka mwisho. Ukijenga dirisha ndani ambalo kwa nje ya nyumba halipo, mtu atahisi amedanganywa, ingawa hawezi kusema ni wapi. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waswahili waliwahi kuyasema hayo, Laurean akawa anayajenga kwa misumari.

Dafrosa Kokushubila alimpata, au alipatwa naye, mwaka 1987 katika misa ya Watanzania hapa Saint Paul, Dafrosa akiwa mwanafunzi wa uuguzi. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Julai 1989. Mungu akawajalia watoto wawili, Tulia na Evodius, na nyumba huko Eagan, ambayo jiko lake Laurean alilibomoa na kulijenga upya kwa mikono yake. Alipaka kuta rangi ya ndizi mbivu, akaweka dirisha juu ya sinki, na meza mahali ambapo anayekula anaona mlango na anayepika anaona wote wanaokula. Dafrosa alipenda kutundika kanga kwenye mpini wa oveni. Laurean, mwenye mji, alilalamika kuhusu kanga ile mara moja tu, kisha akaizoea.

Sasa tufike kwenye Januari ya mwaka 1998, ambayo wanajumuiya wa Mtakatifu Karoli Lwanga hawajaisahau. Jumuiya ilikuwa ikisali nyumba kwa nyumba, na zamu ilikuwa ya Laurean. Mabomba yakapasuka kwa baridi, maji yakajaa chini ya nyumba. Mtu mwingine angeahirisha. Laurean akasema Mhaya haahirishi wageni, akawaelekeza wote ghalani Fridley, ndani ya sebule aliyokuwa amemaliza kuijenga kwa ajili ya filamu. Ilikuwa sebule nzuri, yenye zulia, saa ya ukutani na meza ndefu. Dafrosa akapanga kuku, ndizi na pilau. Rozari ikaanza.

Fumbo la kwanza lilikwenda vizuri. La pili, watu wakaanza kusogeza viti. La nne lilisaliwa kwa mwendo ambao Bikira Maria mwenyewe asingeufuata. Hatimaye Mama Perpétue, aliyekuja kutoka Bukavu, akasimama na rozari mkononi.

"Laurean, mon frère, humu ndani kuko nini? Roho yangu inakataa."

"Hamna kitu, Mama Perpétue," Laurean alijibu kwa furaha ya fundi aliyesifiwa. "Sakafu imeinama kidogo kuelekea ule mlango wa nyuma. Macho hayaoni, lakini miguu inajua."

Hakuna aliyebaki kula pilau ile. Shemeji yake huyu anayesoma, aliyekuwepo, alibeba sufuria nzima hadi kwenye gari. Njiani kurudi Eagan, walipokaribia nyumbani, Dafrosa alimgeukia mumewe.

"Filamu zako sitaziangalia," alisema. "Sikuzuii kazi yako. Lakini mimi nashinda wodini na watu wanaoogopa kweli. Sitalipa kiingilio nikaogope tena."

"Haya, mke wangu," Laurean akasema, na hakumlazimisha hata siku moja.

Wakawa na desturi yao. Filamu ilipozinduliwa, Dafrosa alivaa kitenge chake kipya, akamsindikiza mumewe hadi ukumbini, akaketi nje kwenye kochi na kungoja. Laurean alipotoka, Dafrosa alimuuliza neno moja.

"Wameogopa?"

"Wameogopa."

"Basi twende tukale."

Ikawa hivyo filamu baada ya filamu, zote kumi na moja, mpaka alipostaafu mwaka 2018. Wengi tuliona ni mzaha wa wanandoa. Ilikuwa heshima, na Laurean alijua. Alisema wanawake wengi huangalia kazi za waume zao, lakini ni wachache wanaoweza kukaa nje saa mbili kwa ajili ya kazi wasiyoipenda.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alianza kusahau majina, kisha akaanza kuona watu wasiokuwepo. Madaktari walisema ni ugonjwa wa ubongo usio na tiba, unaopunguza kumbukumbu na kumwonyesha mgonjwa vitu ambavyo wengine hawavioni. Mwaka jana hakuweza tena kupanda ngazi za kwenda chumba cha kulala, familia ikamwekea kitanda katika chumba cha chini ya ardhi, kilichokuwa ofisi yake na chenye choo cha karibu. Humo ndimo hofu ilimompata. Mtu aliyewatisha watu wa nusu ya Minnesota alikuwa akilia kwamba kuna mgeni amesimama pembeni mwa kabati. Alimshika Dafrosa mkono asiondoke, na Dafrosa, muuguzi wa miaka thelathini, alikuwa amekwisha jaribu dawa zote alizoruhusiwa. Alikuwa ameona wengi wakifa kwa hofu wodini, na alikuwa amejiapiza kwamba huyu wake hatakwenda hivyo. Hilo tu ndilo alilokuwa akiomba, na kila aliyempigia simu alimwambia aombe naye.

Siku moja mchana walikuwa pale chini, yeye na Tulia, na Duncan, mume wa Tulia, ambaye ni mtu wa Meru.

"Mum, labda ni hii room yenyewe," Duncan alisema. "Si dad alikuwa anasema hivyo? Ati nyumba ndiyo inakuscare kwanza?"

"Ni kweli, Mama," Tulia akasema. "Kama tungejua alivyokuwa anazitengeneza, tungeitengua hii."

Dafrosa aliwatazama wote wawili. Kisha akapanda juu, akachukua rozari yake, akaketi sebuleni.

"Tuwekee ya kwanza," alisema.

Hivyo ndivyo Dafrosa Kokushubila alivyoangalia filamu za mumewe, akiwa na umri wa miaka sitini na nne, mapazia yakiwa wazi na jua likiingia. Mjukuu wake Makena alikaa naye na rimoti. Kila Dafrosa alipoinua mkono, picha ilisimamishwa. "Bibi, you okay?" aliuliza Makena. "Niko sawa. Rudisha nyuma, nione ule mlango." Kisha alishuka kwa mgonjwa kufanya kazi. Kioo kilichoelekea kitanda kiliondolewa. Joho la kuogea lililoning'inia kama mtu likakunjwa. Duncan aling'oa mlango wa kabati. Kitanda kikageuzwa, mgonjwa asiwe na mlango nyuma yake. Na siku ambazo Laurean alikuwa na akili zake, Dafrosa alimwendea kama mwanafunzi.

"Fundi, chumba cha kutisha huanzia wapi?"

"Huanzia pale mtu asipojua nyuma yake kuna nini," alijibu bila kusita. Jina la mwanawe lilikuwa limempotea asubuhi ile, lakini ufundi ulikuwepo.

Hofu ilipungua, ila haikwisha. Chumba kile kilikuwa chini ya ardhi, na dirisha lake lilikuwa dogo na juu mno. Dafrosa aliendelea kuangalia. Katika filamu ya nne aliinua mkono, ingawa hapakuwa na cha kutisha. Mwigizaji alikuwa anamimina chai jikoni.

"Simamisha hapo," alisema.

Kuta zilikuwa za rangi ya ndizi mbivu. Dirisha lilikuwa juu ya sinki. Meza ilikaa mahali ambapo anayekula anaona mlango. Kwenye mpini wa oveni palitundikwa kitambaa chenye pindo jekundu. Aliomba warudie filamu tatu za kwanza, kisha wakaangalia zote zilizobaki, na jiko lilikuwepo katika kila moja, mara dogo, mara kubwa, mara la shamba, mara la mjini. Watu walikimbilia humo wakapumua, wakala, wakachekana, kabla hadithi haijawatoa tena. Dafrosa alishuka na kumuuliza mumewe kwa nini.

"Mtu hawezi kuogopa kama hana pa kurudi," Laurean alisema. "Lazima umjengee pa kurudi kwanza. Mimi nilikuwa najua mahali pamoja tu."

Dafrosa alilia wazi, mbele ya watoto, na alituambia tuseme hivyo hapa. Miaka yote ile aliyokaa nje kwenye kochi, kumbe alikuwa ndani.

Kesho yake meza ya jikoni ilipelekwa sebuleni na kitanda kikapandishwa jikoni. Watu wa huduma ya wagonjwa majumbani walishangaa, lakini hawakukataa. Laurean aliketi pale akiegemea mito, akiona mlango, dirisha na mkewe akikaanga vitunguu, na tangu wiki ile hakumtaja tena yule mgeni. Mama Perpétue alikuja na jumuiya wakasali rozari yote bila haraka, mafumbo matano, na safari hii pilau ililiwa ikaisha.

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, Dafrosa alikuwa amebandika maji ya chai. Laurean alifumbua macho akaangalia kuta kwa muda, kama anayekagua kazi.

"Nani kajenga hapa?" aliuliza.

"Wewe."

"Pazuri."

Dafrosa akaketi kitandani, akamshika mkono. "Umeogopa?"

"Sijaogopa."

"Basi lala," alimwambia, na maji yalipochemka, Laurean alikuwa amekwenda.

Ameacha mjane, Dafrosa, watoto wawili, Tulia wa Woodbury na Evodius wa Fridley, mkwe, Duncan, mjukuu, Makena, dada yake, Ma Kokugonza, aliyeko Kamachumu, na mashemeji wengi ambao bado wanakagua sakafu kabla ya kuketi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, jumuiya na majirani wa Eagan. Zaidi ya yote inamshukuru Mungu kwa miaka sitini na tisa ya mtu huyu, na kwa kuwa maombi yale mliyoyaomba nasi yalijibiwa.

Mwanga wa milele umwangazie shemeji yetu, apumzike kwa amani. Nasi huku tumekubaliana kwamba taa ya jikoni haitazimwa.