Papa Makuza na Pikipiki Iliyosuka Maziwa

Leo Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, Papa Makuza anavua kaske, kofia yake ya pikipiki. Ameitumikia Koperative yetu ya Wafugaji Tushikamane kwa miaka ishirini na minne, na kazi yake muda huo wote imekuwa moja: kupanda Nyamitaba asubuhi, kukusanya maziwa ya familia zinazofuga kule juu, na kuyateremsha kwa pikipiki mpaka hapa kwenye nyumba ya maziwa, ambako sisi wengine tunayageuza fromaji, jibini yetu. Kamati imeniomba miye Dancille niandike maneno haya kwa sababu njo miye nakaa mlangoni na kitambaa cha kuchujia, na kila bido, yaani dumu la maziwa, aliyoleta imepita mikononi mwangu. Walioniambia nifupishe wanisamehe.

Mwaka jana, daktari alipomwambia kwamba mgongo wake umefanya kazi ya kutosha, tulimhurumia, lakini hofu yetu kubwa ilikuwa ya Nyamitaba. Mwenyekiti Evode alisema wazi mbele ya wote: asipopatikana mtu wa kuishika njia ile, njia itafungwa, na maziwa ya kule juu yatanywewa na ndama ao yatamwagwa. Na mtu wa kumkubali ao kumkataa huyo mrithi alikuwa Papa Makuza mwenyewe. Jinsi tulivyopona nitaisema, ila ili muielewe lazima nianze na siagi.

Papa Makuza anaijua pikipiki kama wengine tunavyomjua ng'ombe. Haulizi ina nguvu gani wala imetoka kiwanda gani. Pikipiki mpya ikifika, alikuwa anachukua bido ndogo, anatia maziwa ya jana jioni ambayo mafuta yameshatanda juu, anaacha nafasi ya ngumi moja, anafunga vizuri na kuikaza nyuma ya kiti kwa mpira. Kisha anashuka nayo kutoka Nyamitaba. Akifika, miye nafungua. Maziwa yakibaki maziwa, pikipiki ni ya kazi. Nikikuta vidonge vya siagi vinaelea, anatikisa kichwa na kusema: «Hii inasuka,» yaani inayatikisa maziwa mpaka yatoe siagi. Basi, mazungumzo yameisha.

Pikipiki yake ya kwanza tuliiita Mama Mukubwa. Ilikuwa nzito, fupi, na haikuwa na haraka na mtu. Kuiendesha, alisema, ni kama kukaa kwenye benchi ya kanisa: hufiki mapema, ila unafika una amani. Haikuwahi kutoa hata punje ya siagi. Angebaki nayo mpaka leo bila neno, kama asingekuja Jean de Dieu.

Wapya hamkumkuta Jean de Dieu, Mungu amrehemu. Yeye alikuwa mwendeshaji wa upande wa pili, akipeleka fromaji zetu mpaka Walikale. Mrefu, mcheshi, shati halikai ndani ya suruali hata siku ya Pasaka. Alikuwa na mjomba Goma aliyefanya biashara ya pikipiki, na kila ilipopita moja ya zile za mbio, alimwachia aijaribu kwanza. Siku ya kwanza alipoingia uani hapa na mlio ule, kuku wa Evode walipanda juu ya paa. Papa Makuza akatoka, akaizunguka pikipiki, akagusa tangi, na toka siku hiyo wale wawili hawakuachana tena.

Ya kwanza ilikuwa ya buluu. Tuliiita Mbu, kwa sababu ilikuwa nyembamba, ya juu, na ililia sikioni toka kilima cha pili. Papa Makuza anasema Mbu ilikuwa nyepesi mpaka unaweza kuigeuza kwa magoti. Ukienda nayo polepole imelala. Ukiikaza kidogo, inaamka yote kwa mara moja, na tumbo lako linabaki kwenye kona uliyotoka. Moshi wake nilioga nao mwaka mzima.

Ikafuata ya manjano, na hiyo tuliiita Mulokole, maana iliimba njia nzima na ilimwinamisha mtu mbele kama anayeungama. Kwenye lami ya Goma, alisema, hakuna tamu kama ile. Unaiangalia kona tu, yenyewe imeshaingia. Lakini kwenye mawe yetu kifua chote kililala juu ya viganja, na jioni hakuweza kufungua kifuniko cha bido. Nilikuwa namfungulia, namuuliza kama bado anaipenda. Aka! Alikuwa anaipenda tu.

Halafu ikaja nyekundu. Ee Mungu wangu, ile nyekundu! Kiti kigumu kama ubao, na springi zake hazikujua kuinama. Kila jiwe, alisema, inakutajia jina lake. Lakini ilishika kona kama ndama anavyoshika chuchu, haiachi mpaka umalize. Injini yake haikustuka kama Mbu wala haikuimba kama Mulokole. Ilivuta, basi, toka chini mpaka juu, na haikuonekana kuchoka. Jean de Dieu alisema mtu akishaipanda hiyo, zingine zote ni punda. Papa Makuza aliitetea Mbu. Walibishana mlangoni kwangu jioni kwa jioni, huku nikisugua mabido, mpaka nikazitofautisha pikipiki zile kwa mlio vizuri kuliko ninavyotofautisha sauti za wajomba zangu.

Kuhusu maziwa hawakubishana. Mbu ilileta siagi kidogo. Mulokole ilileta ya kutosha mkate. Nyekundu ilileta ya nyumba nzima. Ndiyo maana tuliipa jina la Kisabo, kile kibuyu kikubwa ambacho mama zetu wanakisukasuka magotini mpaka siagi itoke.

Wazee mnaikumbuka safari ya Ntoto. Kijana wa kule alikuwa anapewa upadri, na koperative ikaahidi maziwa ya chai ya wageni. Evode aliagiza yabebwe na Mama Mukubwa, pole pole, kwa heshima ya sakramenti. Wale wawili walisema ndiyo, wakatoka uani kwa heshima, na nyuma ya kona ya kwanza wakaiacha Mama Mukubwa na kuchukua zile mbili walizokuwa wamezificha pale. Papa Makuza alichukua Kisabo na bido, Jean de Dieu akachukua Mbu, na kutoka hapo njia haikuwa tena ya sakramenti. Walipofika Ntoto na kufungua, kulikuwa na donge la siagi kama kichwa cha mtoto, na maji meupe chini yake. Chai ilinywewa kavu, bila maziwa, siku ile. Lakini mama mmoja wa jikoni hakupoteza muda: alikaangia ndizi ile siagi, akatia chumvi, na mpaka Baba Askofu aliomba kuongezwa. Wiki iliyofuata watu wa Ntoto walituma ujumbe wanaomba tuwaletee tena ile moto ya siagi, maana kwetu moto ni pikipiki. Evode alikasirika siku mbili. Siku ya tatu aliomba aonjeshwe.

Na kuna ile mara ya Itebero, mvua ilipokula barabara, wakulima wanne wakaibeba Mbu mabegani kuvuka mto huku wale mashujaa wawili wakitembea nyuma wamebeba kaske tu. Jean de Dieu alisema siku hiyo ndiyo Mbu ilijua raha ya kubebwa. Tulicheka siku nyingi.

Sijui kama tulijua kwamba tuna furaha. Kulikuwa na miezi njia zilikatika, kulikuwa na miezi tulikimbia na magodoro yetu kichwani tukalala kwa watu, na bado, nikiikumbuka miaka ile, kinachokuja kwanza ni mlio wa pikipiki mbili zikishuka Nyamitaba, moja inalia, moja inavuta, na miye natafuta kisu cha kupakia mkate siagi.

Jean de Dieu aliugua ini, hakupona. Kisabo wakati huo ilikuwa yake kabisa, mjomba alishamwachia. Mjane wake, Kayitesi, aliifunika kwa hema nyuma ya nyumba kule Nyamitaba, akaendelea kukamua ng'ombe wake na kulea watoto. Papa Makuza alirudi kwenye pikipiki za kazi, moja baada ya nyingine, zote za benchi ya kanisa. Hakubishania tena pikipiki na mtu. Ikipita ya mbio barabarani, alikuwa ananyamaza katikati ya neno mpaka mlio uishe, kisha anamalizia neno lake.

Sasa nirudi kwa yule mrithi. Walikuja vijana wengi, wenye nguvu, wenye miwani ya jua. Papa Makuza alimpa kila mmoja bido yenye nafasi ya ngumi na kumtuma Nyamitaba. Wote walileta siagi. Wote! Mwezi ule sisi wa nyumba ya maziwa tulinenepa. Evode alianza kuhesabu siku za kufunga njia, na wafugaji wa juu walianza kuulizana nani atauza ng'ombe wake wa kwanza.

Hapo njo Kayitesi alishuka kwa miguu, na ufunguo wa Kisabo kwenye kanga. Maziwa yake nayo yalikuwa kati ya yale ya kumwagwa. Alisema Jean de Dieu alimfundisha kuendesha kwenye malisho, katikati ya ng'ombe, na kwamba anaomba ajaribiwe kama wengine, kwa pikipiki aliyo nayo. Papa Makuza alikataa. Alimwambia: «Hii moto haibebake maziwa, Mama.» Kayitesi hakubishana. Alikaa kwenye ngazi yangu, akatoa kikwembe alichokuwa anashona, akashona. Kesho yake alirudi, akashona. Nilimwuliza Papa Makuza pembeni anaogopa nini, mbona vijana wa miwani amewapa nafasi. Akaniambia ukweli: haogopi maziwa. Anaogopa kuusikia mlio ule unakuja kwenye kona, halafu atokee mtu ambaye si Jean de Dieu.

Nilimwambia basi apande nyuma. Ukiwa juu yake huwezi kuisubiri ije.

Ndivyo Papa Makuza, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alivyokaa nyuma ya mtu. Alipakata bido kwa mkono mmoja na kushika kiti kwa mwingine, na watu wa Nyamitaba walitoka majumbani kuangalia. Anasimulia kwamba mita za kwanza alifumba macho. Kisha akahisi kitu ambacho hakukijua kwa Kisabo. Kwenye mawe Kayitesi alisimama kidogo, magoti laini, akaiachia pikipiki icheze chini yake bila yeye kucheza. Kwenye mteremko aliiacha injini itembee, haikusukumwa wala haikukabwa. Kona ilishikwa vilevile, kama ndama, lakini kwa upole, kama ndama aliyekwisha shiba. Ile pikipiki ilikuwa inaweza hivyo toka zamani, na hakuna aliyewahi kuiomba.

Walifika. Mlio ule kwenye kona, sitaki kusema uongo, na miye ulinitoa nje mbio. Nilipokea bido, nikafungua. Meupe. Nikakoroga kwa mwiko nikitafuta kidonge, hata kimoja. Hakuna. Papa Makuza akaninyang'anya mwiko, akakoroga mwenyewe mpaka chini, akauinua, maziwa yakadondoka laini.

Akanirudishia mwiko, akasema: «Kumbe miaka yote tunasingizia moto. Ni miye na Jean de Dieu njo tulikuwa tunasuka.»

Akacheka, akacheka sana, na katikati ya kucheka akalia. Hajawahi kulia mbele yetu, hata siku ya mazishi. Kayitesi alimshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini: «Nilikuwa najua, Papa. Bwana yangu alikuwa anarudiaka na siagi na kicheko. Moto haichekake.» Siku hiyohiyo Evode alimpa Kayitesi njia ya Nyamitaba, na mpaka leo hakuna tone lililomwagwa kule juu.

Kwa hiyo, Papa Makuza, asante. Asante kwa kila asubuhi ya ukungu. Asante kwa kutufundisha kwamba maziwa ya mtu mwingine yanabebwa kama mtoto wa mtu mwingine. Asante hata kwa moshi wa Mbu. Wenzangu, tulipomuuliza anataka zawadi gani, tulikuwa tumefikiria kiti cha kupumzikia, kwa ajili ya mgongo. Alikataa kiti. Aliomba bido moja ya maziwa ya jana jioni, nafasi ya ngumi, na Kisabo, mara moja ya mwisho kutoka juu mpaka chini. Kayitesi amempa ufunguo kwa sharti moja: leo yeye Kayitesi ndiye atakaa nyuma na bido.

Maneno yangu yakiisha wanapanda. Papa, tunakutakia uzee mtamu, mgongo mpole na jirani wa kubishana naye. Njiani usitufikirie sisi, wala usiyafikirie maziwa. Mikate nimeshaikata. Tukikuta hata tone moja la maziwa humo ndani, tutakurudisha kazini.