Waambie Wanaume Wakae

Kogo: Haloo, nani? Kama ni wale wa kusema mmenitumia pesa kimakosa, mimi sina nafasi, niko na maziwa kwa moto.

Chepkemoi: Kogo, ni mimi—

Kogo: Mimi nani? Hata yule wa juzi alisema ni mimi.

Chepkemoi: Chepkemoi! Mjukuu wako! Simu yangu imezima, hii ni ya dereva wetu, Makori. Chamgei, Kogo?

Kogo: Chamgei mising, mama! Woi, mtoto wangu. Na huyo Makori amekupa simu yake tu hivi hivi? Mwambie nimesema asante.

Chepkemoi: Nitamwambia. Sikiza, nina hara—

Kogo: Mwambie kwanza.

Chepkemoi: [mbali kidogo] Makori, nyanya anasema asante kwa simu... Amesema karibu. Sasa Kogo—

Kogo: Ana sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

Chepkemoi: Kogo! Tumepata pancha, tumeshapita Kapsoit. Makori anabadilisha gurudumu. Wale wageni wangu wa chuo wako ndani ya gari. Wanataka kuona kijiji chetu cha Kiptere leo, halafu wakirudi ndio wanaamua kama mimi nitakuwa profesa ama niende nyumbani. Unakumbuka?

Kogo: Nakumbuka. Hata Jumapili tulikuombea. Pasta alishindwa kutaja kile unachosomea, akasema tu, "Bwana, wewe unajua."

Chepkemoi: Uchumi wa siasa wa kimataifa na jinsia.

Kogo: Hiyo. Baadaye nikamwambia, huyu mtoto miaka yote, kwanza Nairobi, halafu ng'ambo, anafuatilia vile kikombe cha mtu wa London kinamuumiza mgongo mwanamke wa Kiptere. Akasema, mbona hukuniambia mapema?

Chepkemoi: [anacheka kidogo] Umesema vizuri kuliko mimi. Sasa ndiyo hiyo. Kwa kitabu nimeandika kwamba Kiptere wanawake ndio wanachuma chai, ndio wanabeba vikapu mpaka senta ya kupimia chai, na wanaume wanakaa mbele ya duka wakicheza drafti. Hawa wageni wanataka kuona kwa macho yao. Kwa hivyo tukifika tutakuta hivyo, sivyo?

[Sufuria inagonga meko.]

Chepkemoi: Kogo?

Kogo: Niko. Naondoa maziwa.

Chepkemoi: Wako dukani saa hii?

Kogo: Nani?

Chepkemoi: Wanaume!

Kogo: Wanaume wako shambani, mama. Wanachuma chai.

[Mtandao unakwaruza.]

Chepkemoi: Umesema nini? Nimesikia kama wanachu—

Kogo: Chai. Wanachuma. Kipngeno yuko hapa chini, naona kofia yake. Mosoti yuko ng'ambo ya mtaro. Johana ameenda senta na kikapu mgongoni, amepita hapa sasa hivi akanisalimia.

Chepkemoi: Kipngeno? Yule Kipngeno aliyeniambia kikapu kikipanda mgongo wa mwanamume, ng'ombe wake anakauka maziwa?

Kogo: Huyo huyo. Na ng'ombe wake yuko sawa kabisa. Hata juzi bibi yake ameniletea kibuyu cha mursik, ya maziwa ya huyo huyo ng'ombe.

Chepkemoi: Tangu lini? Nani aliwaambia wachume?

Kogo: Wewe.

Chepkemoi: Mimi sikumwambia mtu chochote! Mimi niliuliza maswali tu!

Kogo: Ndiyo, uliuliza. Ukaenda. Ukarudi, ukauliza tena. Maswali yale yale. Asubuhi unafanya nini, bibi yako anafanya nini, nani anabeba kikapu. Sasa watu wakakaa wakafikiria. Huku kwetu, mwalimu akikuuliza kitu mara ya pili, si ni kwa sababu mara ya kwanza ulikosa? Wakasema, huyu mtoto wa Tecla alipeleka majibu yetu ng'ambo, yakakataliwa.

Chepkemoi: Hapana, Kogo, utafiti hauendi—

Kogo: Wakasema, amefeli, na amefeli kwa sababu yetu. Halafu kuna ile siku ulilia kwa Kipngeno.

Chepkemoi: Sikulia.

Kogo: Ulilia, mama. Alipokwambia vile Tecla alikuwa akibeba kikapu akiwa na mimba yako, na wao wamekaa dukani wakimwangalia akipita.

Chepkemoi: Ilikuwa vumbi.

Kogo: Vumbi. Kiptere. Mwezi wa tano.

[Gari kubwa linapita upande wa Chepkemoi.]

Kogo: Basi Kipngeno akakosa usingizi. Akaita wenzake. Mosoti akasema, tumpe tu majibu mengine, yaliyo mazuri. Kipngeno akakataa, yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kudanganya mtoto. Akasema, kama tunataka jibu zuri, tulitende kwanza. Wakabeba vikapu. Ili ukirudi kuuliza, uwe na kitu kizuri cha kupeleka.

Chepkemoi: Lakini kitabu kimeshachapishwa!

Kogo: Sisi hatukujua. Tulikuwa tu tunashangaa kwa nini hurudi kuuliza.

[Upande wa Chepkemoi, spana inagonga chuma.]

Chepkemoi: Kazi ilikuwa nyingi.

Kogo: Najua.

Chepkemoi: Kogo. Naomba kitu kimoja. Waambie wanaume wakae.

Kogo: Wakae wapi?

Chepkemoi: Dukani! Kwa ile benchi! Wageni waone, wageni waende, halafu waendelee na chai yao.

Kogo: Niende kuwaambia watu wazima waache kazi wakae bure?

Chepkemoi: Si walikuwa wakikaa bure maisha yao yote?

Kogo: Hiyo ilikuwa ni kwa hiari.

Chepkemoi: Na wanawake wachukue vikapu.

Kogo: Wanawake wako mazoezi ya kwaya. Mokeira, bibi ya Mosoti, ndiye anafundisha. Hawezi kukubali kuvunjiwa mazoezi ili akandamizwe.

Chepkemoi: Kogo, tafadhali! Mmoja wa hawa wageni, yule mrefu, alisema mbele ya watu wote kwamba Kiptere yangu nimeitunga kichwani. Akifika akute wanaume na vikapu, ni kama amenishika mwizi. Mkataba wangu unaisha mwaka huu. Sitakuwa na kazi.

Kogo: Alisema unatunga? Mbele ya watu?

Chepkemoi: Mbele ya wanafunzi wangu.

Kogo: Ngoja hapo. [kwa sauti kubwa] Kipngeno! Weee Kipngeno! Wacha hiyo chai! Kuja uongee na daktari!

Chepkemoi: Usimweleze yote, mwambie tu—

[Kogo anamweleza Kipngeno kando, halafu anampa simu.]

Kipngeno: Haloo, daktari! Kumbe bado wanakusumbua? Na vile tumechuma!

Chepkemoi: Chamgei, baba. Nimesikia. Asanteni sana. Ni vile sasa—

Kipngeno: Nyanya yako ameniambia. Wanataka tukae. Hakuna shida. Lakini utueleze, tukae namna gani? Tukae tu, ama tukae tukiwatukana wanawake kidogo?

Chepkemoi: Msimtukane mtu! Mkae tu kama zamani. Mcheze drafti.

Kipngeno: Drafti hakuna. Vile vifuniko vya soda tulivyokuwa tukichezea, Mosoti alivipigilia kwa ubao, kwaya inatumia kupigia muziki.

Chepkemoi: Basi muongee siasa.

Kipngeno: Hapo tumekuelewa. Na tukiulizwa kwa nini hatuchumi?

Chepkemoi: Semeni... semeni ile ya ng'ombe.

Kipngeno: Ile ya kukauka maziwa? Watu watanicheka, daktari. Ng'ombe wangu wanamjua.

Chepkemoi: Tafadhali, baba.

Kipngeno: Haya. Sikiza. Mara ile tulikuangusha. Leo utapita, utake usitake. Hakuna mtu atainuka kwa hiyo benchi mpaka nione umepi—

[Simu inakatika. Baada ya muda, inaita tena.]

Kogo: Haloo? Makori?

Chepkemoi: Ni mimi, Kogo. Mtandao ulipotea. Tuko njiani sasa. Naongea tu kwa sababu hawa hawajui Kiswahili. Kogo, nimebadilisha mawazo. Waache wachume.

Kogo: Eh?

Chepkemoi: Siwezi. Kipngeno alivyosema pale, eti waliniangusha... siwezi. Waambie warudi shambani.

Kogo: Umechelewa, mama. Wamekaa.

Chepkemoi: Si wainuke!

Kogo: Nimewaambia hata kabla hujapiga, kwa sababu mvua imeanza. Hawasikii. Kipngeno amewaambia, atakayeinuka kabla ya wewe kupita, asimwite yeye jirani tena.

Chepkemoi: Wamekaa kwa mvua?

Kogo: Hii ya Kiptere kabisa, ya mchana, ya matone makubwa. Ile benchi haina paa, unajua. Mosoti anaangalia chai aliyochuma ikinyeshewa shambani, machozi yanamtoka, lakini amekaa. Johana amelala. Nafikiri amelala kweli, si mchezo.

Chepkemoi: Woi, Kogo.

Kogo: Na wake zao wamewaonea huruma. Wameacha kwaya, wamekuja na miavuli.

Chepkemoi: Wamekaa na miavuli. Afadhali.

Kogo: Hapana. Wanawake ndio wamesimama nyuma yao, wamewashikia miavuli.

Chepkemoi: Hapana.

Kogo: Mokeira ana vikapu viwili mgongoni, chake na cha Mosoti, visije vikaingia matope. Kwa mkono mmoja ana mwavuli wa Mosoti, kwa mwingine anampa chai. Ni mapenzi tu, mama. Ukiangalia vizuri ni kitu kizuri sana.

Chepkemoi: Kogo, hakuna mtu kutoka ng'ambo ataangalia hiyo kitu vizuri! Waambie— Ai. Tumefika. Nawaona.

Kogo: Hilo gari jeupe ni lenu?

Chepkemoi: Ndiyo. Makori amesimamisha. Kogo, wameshusha vioo. Wanapiga picha. Yule mama mwenye nywele nyeupe ameshika mdomo.

Kogo: Na yule mrefu?

Chepkemoi: Amenigeukia. Anasema... Kogo, anaomba radhi. Anasema hata kitabu changu kimewahurumia hawa wanaume. Kwamba mambo ni mabaya kuliko nilivyoandika.

Kogo: Basi umepita?

Chepkemoi: Nimepita.

[Mvua.]

Kogo: Hiyo si sauti ya mtu amepita.

Chepkemoi: Kogo, weka simu sauti kubwa. Wapelekee karibu.

Kogo: Ngoja... nafinya wapi... Haya. Ongea. Wanakusikia.

Chepkemoi: Kipngeno! Wazee wangu! Sikizeni. Mimi sikuwahi kufeli. Majibu yenu ya kwanza yalipita siku ile ile. Hamkuniangusha hata kidogo.

Kipngeno: [mbali] Sasa ulirudi kuuliza nini?

Chepkemoi: Nili... Chuo hakiwezi kunipa ruhusa nije tu kuketi kwa Kogo. Ilibidi nije na maswali. Na sikuwa na mengine.

[Mvua. Mtu anakohoa.]

Kipngeno: Si ungesema tu! Mimi nimebeba kikapu mwaka mzima!

Chepkemoi: Pole, baba.

Kipngeno: Sasa ningeweza kuacha kitambo—

Sauti ya mwanamke: Jaribu!

[Kicheko cha watu wengi. Mwavuli unaanguka.]

Kogo: Wameinuka, mama! Mosoti amevuta kikapu kwa mgongo wa Mokeira, anakimbilia chai yake. Johana anauliza kama umepita. Wote wanateremka shambani. Taratibu nyinyi, kuna utelezi!

Chepkemoi: Nawaona. Kogo, hawa wameacha kupiga picha. Yule mrefu anauliza hao wanaume wanakimbilia wapi.

Kogo: Utamwambia nini?

Chepkemoi: Ngoja.

[Chepkemoi anaongea Kiingereza, polepole, kwa muda.]

Kogo: Umemwambia nini?

Chepkemoi: Nimemwambia wameenda kuchuma chai. Na kwamba walikaa kwa sababu mimi niliwaomba. Na kwamba hii ya kitabu changu ilikuwa kweli nilipoiandika, na sasa si kweli tena.

Kogo: Amekasirika?

Chepkemoi: Amefunika kalamu yake. Yule mama mwenye nywele nyeupe anauliza ni nani aliwabadilisha.

Kogo: Ukasema?

Chepkemoi: Bado. Sijui niseme nini. Nikisema ni mimi nitalia tena.

Kogo: Sema ni vumbi.

Chepkemoi: [anacheka, halafu hacheki] Kogo, naweza kukosa hii kazi. Kweli kweli.

Kogo: Nimesikia. Sasa walete hapa ndani wanywe chai, na Makori pia, aingie, asibaki kwa gari. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kunyimwa kitu na mtu aliyeshika kikombe changu.

Chepkemoi: Na wakininyima?

Kogo: Basi utaketi. Bila maswali. Kuja, mama, mlango uko wa—

Chepkemoi: Kogo? Haloo? Makori, salio lako limei—