Historia ya Zima Kwanza na Kuta Tulizozipasua

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Zima Kwanza, nami nitayasoma kama tulivyoyaandika, bila kuongeza neno.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, na nyumba ile ilikuwa na balbu moja tu yenye waya mrefu, iliyovutwa kwa kamba hadi jikoni mama alipopika, kisha ikarudishwa sebuleni tulipokula. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, alikofaulu hesabu na kufeli karibu kila kitu kingine, baba akasema huyu si wa kalamu, ni wa bisibisi, akampeleka chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya umeme wa majumbani mwezi Novemba 1978.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika kitengo cha matengenezo ya nyumba za watumishi, akadumu hapo hadi alipostaafu Juni 2017, na huko ndiko alikopewa jina, kwa sababu hakugusa waya kabla meni swichi, ile swichi kuu ya nyumba, haijazimwa, hata kama kazi ni kubadilisha balbu, na mwenye nyumba akilalamika kwamba ana nguo za kupiga pasi au mpira uko dakika za mwisho, jibu lilikuwa lile lile, "Zima kwanza, mama, maneno baadaye." Aliwakaririsha wanafunzi wake jambo lingine pia, kwamba maungio ya nyaya hayafukiwi ndani ya lipu, yanakaa kwenye kiboksi chenye kifuniko, mahali ambapo fundi atakayefuata atayaona, na alikuwa radhi kupasua ukuta uliokwisha kupakwa rangi kuliko kuacha ungio ndani yake, wenye nyumba wakimnunia.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, na katikati ya sherehe alinusa soketi ya spika ikiungua, akavua koti, akaenda kuzima umeme wa ukumbi mzima, mashangazi wakapiga kelele gizani, "Bwana harusi, hata leo?", naye akaitengeneza soketi kwa mwanga wa tochi, bibi harusi akiwa amemshikia koti. Walijaliwa watoto watatu, binti ambaye ni mwalimu, na vijana wawili, mmoja dereva wa lori na mwingine kinyozi, na hadi anafariki alikuwa na wajukuu watano.

Nyumba hii mlimoketi leo alianza kuijenga mwaka 1991, chumba baada ya chumba, na umeme wake aliufunga mwenyewe jioni akitoka kazini. Oktoba 2009 mama yetu alipozidiwa na ikabidi ahamie hapa, kaka aliongeza chumba cha nyuma kwa haraka, akaunga waya wake na waya wa bafuni, viboksi vikiwa vimekwisha dukani, na kesho yake, kaka akiwa kazini, mwashi akapaka lipu ukuta wote bila kuuliza. Kaka alimwambia mkewe kwamba atapasua Jumamosi aweke kiboksi, Jumamosi hiyo mama akatutoka, na baada ya msiba hakuna aliyeutaja ukuta ule tena.

Tarehe 9 Februari 2022, akifunga kamba za viatu, kaka alipata kiharusi, akalazwa hadi mwisho wa mwezi, akarudishwa nyumbani mkono na mguu wa kulia ukiwa umelala, na ulimi hautoi neno, tukamlaza chumba cha nyuma ili awe karibu na bafu. Tarehe 17 Machi shemeji alishika bomba la bafuni, akapigwa shoti iliyomtupa mlangoni. Alikuja Kifupi, fundi mwenzake tangu chuoni, akazima umeme wote, akapima, akasema unavuja palipofukiwa, mahali fulani kati ya bafu na chumba cha nyuma, akashauri nyaya zile zikatwe zifie humo humo, yeye atandaze mpya juu ya ukuta. Kaka alimsikia akiwa kitandani, akaanza kupiga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto, nasi, tukimjua alivyo, tukasema anakataa, anataka kutuonyesha.

Tukambeba kwa kiti hadi bafuni, binti yake akaweka kiganja ukutani akauliza, "Hapa, baba?", akaitikia kwa kichwa, Kifupi akapasua, tukakuta tofali tupu, binti akasogeza kiganja, akauliza, baba akaitikia, Kifupi akapasua tena. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, ukuta wa bafu, ukuta wa ujia, chumba cha nyuma pande mbili, kaka akiwa kitini kutwa nzima, siku baada ya siku, Kifupi akimtania, "Mzee mwenzangu, ulificha waya au ulificha dhahabu?", watu wakicheka, yeye hacheki, na kila nyundo iliposhuka alilia, tukadhani analia kwa kuwa hatujafika.

Tarehe 11 Aprili tulimpeleka kliniki, binti akamweleza daktari habari ya kuta, daktari akamwuliza kaka kama hapo walipo ni sokoni, akaitikia, kama yeye ni mwanamke, akaitikia, kama ana watoto watatu, akatikisa kichwa kukataa. Daktari akatuambia, "Anachotaka kusema anakijua, ila ndiyo yake na siyo yake hazitoki anavyokusudia, msizitegemee." Tulirudi nyumbani bila kujua tena kama alikuwa akituonyesha mahali au akitusihi tuache, wala kama siku ile ya ubao alimkatalia Kifupi au alimkubalia.

Kifupi alikata nyaya za zamani, akatandaza mpya juu ya ukuta, na jioni ya tarehe 14 Aprili taa ya chumba cha nyuma ikawaka, kaka akaufuata waya kwa macho kutoka darini hadi kwenye swichi, machozi yakamtoka, shemeji akaanza, "Baba watoto, umefurahi au...", akaliacha swali, akamfuta machozi. Kidonda kilichoanza kwa kukaa kitini siku zile kiliingia usaha, tukamrudisha hospitali mwezi Mei, na kaka yetu akafariki dunia tarehe 6 Juni 2022, saa tatu asubuhi, siku chache kabla ya kutimiza miaka sitini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, jirani wa upande wa duka aliyetuvutia umeme kutoka kwake wakati wetu umezimwa, na wafanyakazi wa kitengo cha matengenezo waliofika karibu wote. Fundi Kifupi tunamwona, amesimama getini tangu jana, hajaingia ndani, na familia inamwambia mbele yenu wote, ulipasua pale tulipokuambia sisi, kwa hiyo ingia, kaa na wenzako.

Ungio lile la mwaka 2009 bado limo ukutani, hatujui wapi, na shemeji ameomba kuta zisiguswe tena. Kaka, ulichotaka kutuambia hatukukipata ukiwa nasi, na leo hatutajifanya tumekipata. Hakuna atakayekuwekea kiganja ukutani tena, wala kukuuliza ndiyo au siyo. Pumzika, kaka yetu, amani iwe nawe.